Vidole Kumi, Herufi Moja

Ukibonyeza vitufe vitatu vya kibodi ya kawaida kwa pamoja, huna hakika kwamba kompyuta itavipokea vyote. Kuna mafungu ya vitufe yanayopita bila shida, na kuna mengine ambamo kitufe cha tatu humezwa kana kwamba hakikuguswa. Katika mashine za zamani liliweza kutokea jambo baya zaidi: herufi ya nne ikajitokeza kwenye skrini ilhali hakuna kidole kilichoikaribia. Mafundi wana maelezo ya mambo haya, nayo ni sahihi. Yanahusu nyaya, mikondo ya umeme na namna chipu inavyokagua vitufe. Lakini maelezo ya umeme hayasemi kwa nini kibodi ilijengwa hivyo wakati njia nyingine ilikuwepo, tena ikijulikana vizuri. Jibu la swali hilo tutalipata katika historia. Hoja yangu ni kwamba uziwi wa kibodi haukuletwa na maumbile ya umeme. Uliletwa na picha ya mtumiaji iliyokaa vichwani mwa waundaji tangu karne ya 19, picha ya mtu anayeandika herufi moja, akaimaliza, ndipo akaandika nyingine. Kila kizazi cha mashine kiliirithi picha hiyo na kuigeuza kuwa hesabu ya gharama. Walioumia ni wale ambao kazi yao, au mwili wao, haukulingana nayo.

Tuanze na telegrafu, kwa sababu huko vidole vingi vilipewa kazi mapema. Mhandisi Mfaransa Émile Baudot alipata hataza ya mtambo wake mwaka 1874. Kibodi yake ilikuwa na vitufe vitano tu, vilivyokaa kama vya piano: viwili vya mkono wa kushoto na vitatu vya mkono wa kulia. Herufi ilikuwa fungu la vitufe vilivyobonyezwa kwa pigo moja. Vitufe vitano, kila kimoja kikiwa juu au chini, hutoa mafungu 32, na ukitenga fungu la kuhamisha mtambo kutoka herufi kwenda tarakimu, hayo yanatosha kuandika barua nzima. Mwendeshaji alilazimika kwenda na mwendo wa mtambo. Vitufe alivyobonyeza vilishikwa chini mpaka kisambazaji kilichokuwa kikizunguka kivisome, kisha vikaachiwa kwa mlio uliomjulisha kwamba zamu yake imefika tena. Mwendo wa kawaida ulikuwa kama maneno 30 kwa dakika, na kuufikia kulidai mafunzo ya muda mrefu. Mwaka 1901 Donald Murray, mtu wa New Zealand, akaleta kibodi ya mfano wa taipureta: mtu anagonga kitufe kimoja, na mashine yenyewe inatoboa fungu la matundu kwenye utepe wa karatasi. Mfumo wa alama tano ulibaki vilevile, ila mzigo wa kuunda fungu ulitoka vidoleni ukaingia kwenye chuma. Kampuni za telegrafu hazikuhitaji tena mtu aliyekariri mafungu 32. Mpiga chapa yeyote aliweza kuketi na kufanya kazi. Uamuzi huo ulikuwa na faida kubwa, lakini ulifunga mlango ambao haukufunguliwa tena kwa urahisi.

Taipureta yenyewe ilikuwa imeshaamua jambo hilo kwa sababu za chuma. Christopher Latham Sholes na wenzake walipata hataza huko Milwaukee mwaka 1868, na mashine yao ikaanza kuuzwa mwaka 1874 na kiwanda cha Remington, kilichojulikana zaidi kwa kutengeneza bunduki. Ndani ya mashine hiyo, vyuma vyenye herufi vilining'inia kwa duara, na kila kimoja kilipopigwa kilipanda kugonga mahali palepale pamoja. Viwili vikipanda kwa wakati mmoja vinagongana na kukwama. Habari inayosimuliwa sana, kwamba mpangilio wa QWERTY ulibuniwa ili kuzuia kukwama huko, si ya kuaminiwa bila swali. Watafiti Koichi Yasuoka na Motoko Yasuoka wa Chuo Kikuu cha Kyoto waliipinga mwaka 2011, wakionyesha jinsi mahitaji ya wapokeaji wa telegrafu za Morse yalivyochangia mpangilio huo. Lakini jambo la msingi halina ubishi: taipureta ya vyuma ilimwadhibu mtu aliyebonyeza vitufe viwili pamoja, na vizazi vya wapiga chapa vilifundishwa kuachia kidole kimoja kabla ya kushusha kingine.

Adhabu hiyo ilikuwa na msamaha mmoja, nao umeacha alama mpaka leo. Mashine ya kwanza ya Sholes iliandika herufi kubwa tu. Mwaka 1878 Remington Na. 2 ikaja na kitufe cha Shift, kilichosogeza mtambo wa karatasi ili chuma kilekile chenye nyuso mbili kigonge kwa uso wa pili. Hapo kwa mara ya kwanza mpiga chapa aliruhusiwa, hata kulazimishwa, kushika kitufe kimoja huku akigonga kingine. Washindani hawakukubali mara moja: Caligraph na Smith Premier ziliuzwa zikiwa na vitufe tofauti kwa herufi kubwa na ndogo, ili kila alama iwe na kitufe chake na kila kitufe kipigwe peke yake. Shift ilishinda kwa sababu ilipunguza idadi ya vyuma na ukubwa wa mashine. Ushindi huo uligawa vitufe katika matabaka mawili. Vichache, vilivyokuja baadaye kuitwa Ctrl na Alt pamoja na Shift yenyewe, viliruhusiwa kushikwa na wenzao. Vilivyobaki vyote vilitakiwa kuja kimoja kimoja. Fungua kibodi yoyote ya bei nafuu leo utaikuta sheria hiyo imechorwa kwenye nyaya zake.

Umeme ulipoingia kwenye taipureta, waundaji walipata nafasi ya kuiacha sheria ya zamani, lakini waliitunza kwa ustadi mkubwa. IBM Selectric ya Julai 1961 iliviondoa vyuma vinavyogongana na kuweka kichwa kimoja cha mviringo kinachozunguka na kuinama kutafuta herufi. Kichwa kimoja hakiwezi kuandika herufi mbili kwa pigo moja, kwa hiyo wahandisi waliweka ndani ya mashine bomba lililojaa gololi za chuma, zikabanana kiasi cha kuacha nafasi ya kipande kimoja tu. Kitufe kikibonyezwa, kipande chake kinaingia kati ya gololi na kuziba nafasi yote. Kitufe cha pili hakina pa kuingia. Nauona ubunifu huo kuwa mzuri kwa jinsi usivyohitaji waya wala hesabu. Wahandisi haohao waligundua pia jambo lililopingana na bomba lao: wapiga chapa hodari hawasubiri. Ndiyo maana Selectric ilikuwa na njia ya kuhifadhi pigo la pili kwa kitambo kidogo huku la kwanza likiandikwa. Vidole vilikuwa vinapishana tangu zamani, na mashine ikaanza kukiri.

Kompyuta ndiyo iliyoleta wavu wa nyaya, na hapa inafaa kukaa kidogo. Kibodi yenye vitufe 104, kama kila kimoja kingekuwa na waya wake hadi kwenye chipu, ingehitaji nyaya zaidi ya 100 na chipu yenye miguu mingi kiasi hicho. Badala yake, nyaya hupangwa kwa safu za mlalo na za wima, na kitufe huwekwa kila zinapokutana. Safu 8 kwa 16 hutoa makutano 128 kwa nyaya 24 tu. Chipu hupeleka umeme kwenye safu moja, ikatazama safu za wima kuona wapi umeme umetokea, ikahamia safu inayofuata, kama mwalimu anayeita mahudhurio dawati kwa dawati, na mzunguko mzima huisha katika sehemu ndogo sana ya sekunde. Ikiwa kitufe kimoja kimebonyezwa, jibu ni wazi. Viwili navyo hutambulika daima. Tatizo huanza na cha tatu. Tuseme vitufe vinne vimekaa kwenye pembe nne za mstatili ndani ya wavu, nawe umebonyeza vitatu. Umeme ulioingia kwa safu ya kitufe cha nne hupita kwenye jirani yake aliyebonyezwa, ukashuka, ukapita kwa wa pili, ukapanda kwa wa tatu, ukatokea kwenye waya uleule ambao kitufe cha nne kingeutumia. Chipu haiwezi kujua kwamba umeme umezunguka. Kwake, kitufe cha nne kimebonyezwa. Hiyo ndiyo herufi ya mzimu.

Tiba ilijulikana mapema, na ni nyepesi. Weka diodi kwenye kila kitufe, kijidude kinachoruhusu umeme kupita upande mmoja tu, na ile njia ya kuzunguka inakatika. Kibodi yenye diodi kwa kila kitufe inaweza kupokea vitufe vyote kwa pamoja, hata ukiilalia kwa mikono yote miwili. Waundaji wengi hawakuichukua njia hiyo. Walichagua kuacha diodi na kuipa chipu amri: ukiona mstatili unaotia shaka, kikatae kitufe cha tatu. Kwa hiyo herufi za mzimu zilipotea, na mahali pake pakaja ukimya. Kwa mwandishi wa barua huo ni unafuu. Kwa anayehitaji kweli kitufe hicho cha tatu, mashine iliyokuwa inasema uongo sasa imeamua kutosema.

Kompyuta za nyumbani za miaka ya 1980 zinaonyesha jinsi hesabu hiyo ilivyobana. Commodore 64 ya mwaka 1982 ilikuwa na vitufe 66 na wavu wa 8 kwa 8, yaani makutano 64. Hesabu inakamilika kwa sababu Restore ilikuwa na waya wake wa pekee na Shift Lock ilikaa sambamba na Shift ya kushoto. Ubanifu ulifika mbali zaidi: usukani wa michezo uliochomekwa kwenye tundu la kwanza ulitumia nyaya zilezile za kibodi, na mtu akiusukuma usukani, alama zilijiandika kwenye skrini kana kwamba kuna aliyebonyeza vitufe. ZX Spectrum ya Uingereza, ya mwaka huohuo, ilikuwa na vitufe 40 tu, na karibu kila kimoja kilibeba kazi kadhaa, hivyo kumlazimu mtumiaji kushika vitufe vya kugeuza maana kila mara. Mashine hizi zilinunuliwa na mamilioni ya vijana waliozitumia kwa michezo ambamo mtu anakimbia, anaruka na kufyatua kwa pamoja. Mtumiaji aliyekuwa vichwani mwa waundaji na mtumiaji aliyeketi mbele ya mashine walikuwa wameshaachana.

Ushahidi wenye nguvu kuliko wote, kwa maoni yangu, unatoka kwenye muziki. Vinanda vya kielektroniki vya miaka ya 1970 vilipita njia ileile. Minimoog ya mwaka 1970 ilitoa sauti moja tu kwa wakati, na mpigaji akishika noti mbili, ile ya chini ndiyo iliyosikika. Prophet-5 ya mwaka 1978 ilikuwa na sauti tano na kichakato kilichokagua kibodi yake kwa mfululizo, kwa mtindo uleule wa kompyuta. Vinanda vya aina hiyo vilipoenea, diodi kwenye kila kitufe ikawa jambo la kawaida. Umeme haukuwa tofauti, wala nyaya hazikuwa tofauti. Kilichotofautiana ni mnunuzi. Hakuna mpiga kinanda ambaye angekubali chombo kinachomeza noti ya tatu ya mlio wake, au kinachoongeza noti asiyoibonyeza. Kwa hiyo waundaji wa vinanda waliona gharama ya diodi kuwa gharama ya kazi yenyewe, na waundaji wa kibodi za kompyuta wakaiona kuwa anasa. Ufundi mmoja ulizaa vyombo viwili kwa sababu kila kimoja kiliundwa kwa ajili ya vidole vilivyofikiriwa kwa namna yake.

Kisa cha IBM kinathibitisha zaidi. Kompyuta ya IBM PC ilipotoka Agosti 1981 ilikuwa na kibodi ya vitufe 83 ambayo haikutegemea mguso wa chuma kwa chuma. Kila kitufe kilibadilisha chaji ya umeme kwenye bamba, na kwa njia hiyo herufi ya mzimu haizaliwi kamwe. Ndani yake chipu ya Intel 8048 ilituma namba kitufe kikishuka na namba nyingine, iliyozidi ile ya kwanza kwa 128, kitufe kikiachiwa. Huo ulikuwa mfumo wa ukarimu: kompyuta iliambiwa habari za kila kidole, kushuka na kupanda, nayo ikaamua yenyewe cha kufanya. Ndio uliomwezesha David Bradley, mhandisi wa IBM huko Boca Raton, kubuni amri ya vitufe vitatu ya kuwasha mashine upya. Kwanza alitumia Ctrl, Alt na Esc, lakini fungu hilo liliweza kubonyezwa kwa bahati mbaya kwa mkono mmoja. Ndipo Del ikachukua nafasi ya Esc, ili mikono miwili ihitajike. Kisha katikati ya miaka ya 1980 ikaja kibodi ya vitufe 101 ambayo wengi bado wanaisifu kwa uimara na mlio wake. Chini ya springi zake nzuri uliwekwa utando wa plastiki uliochapwa nyaya, kwa kuwa ulikuwa nafuu kuliko bamba la zamani. Utando huo haukuwa na diodi. Kibodi mpya ilipokea kwa uhakika vitufe viwili tu. Cha tatu kilitegemea mahali kilipokaa kwenye wavu. Teknolojia ilirudi nyuma makusudi, na soko lilinunua bila kulalamika kwa sababu ofisini watu waliandika barua.

Ilipofika miaka ya 1990, waya wa USB uliweka kikomo kingine, safari hii kwa maandishi ya kanuni. Ili kompyuta iweze kuielewa kibodi hata kabla ya kupakia mfumo wake wa uendeshaji, ulikubaliwa ujumbe mfupi wa baiti 8: moja ya vitufe vya kugeuza maana, moja iliyoachwa wazi, na sita za vitufe vingine. Vitufe sita, basi. Kibodi ikishindwa kujua kilichobonyezwa, inajaza nafasi zote sita kwa namba 1, kukiri kwamba imezidiwa. Kanuni haikukataza ujumbe mrefu zaidi, na baadaye waundaji waliutumia. Wengine hata waliifanya kibodi moja ijitambulishe kuwa kadhaa ili ipate nafasi nyingi. Lakini kilichowekwa kiwe cha chini kabisa ndicho kilichofanywa na wengi kuwa cha juu kabisa. Na tazama tena yale matabaka mawili ya mwaka 1878: baiti ya kwanza ina nafasi ya Shift, Ctrl, Alt na wenzao wote wanane kwa pamoja, lakini herufi zote za alfabeti zinagombea nafasi sita.

Hapa msomaji makini atasema kwamba nawalaumu waundaji bure. Lugha, atasema, huandikwa herufi baada ya herufi. Hakuna neno linalohitaji vitufe saba kwa pigo moja. Kibodi ya maandishi imejengwa kwa maandishi. Pingamizi hili ni zito, na nusu yake ni kweli. Kwa mtu anayeandika kwa kawaida, vitufe viwili vya uhakika vinatosha karibu kila mara. Lakini hata kwenye maandishi, picha ya herufi moja moja si picha ya vidole. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Aalto huko Finland na wa Cambridge walichapisha uchambuzi wa mapigo milioni 136 ya vitufe kutoka kwa watu 168,000 waliojitolea. Waligundua kwamba waandishi wenye kasi hushusha kidole cha pili kabla ya kuinua cha kwanza, na kwa walio wepesi zaidi, kati ya asilimia 40 na 70 ya mapigo yao yalikwenda hivyo. Mwongozo wa zamani wa kuachia kwanza ulikuwa mwongozo wa kuilinda mashine. Mkono uliozoea haukuufuata, na unapoharakisha, vidole vitatu huweza kukutana chini kwa kitambo. Kibodi inayomeza kimoja hapo inamfanya mwandishi hodari aonekane mzembe.

Pingamizi la pili ni la bei, nalo naliheshimu zaidi, hasa kwetu ambako kibodi ya bei ndogo ndiyo iliyoiwezesha shule kuwa na chumba cha kompyuta. Utando wa plastiki hauwezi kubandikwa diodi kwa urahisi. Kutaka diodi ni kutaka bamba la saketi na vitufe vya aina nyingine, na bei inapanda. Sidai kila kibodi duniani iwe hivyo. Ninachodai ni kwamba uchaguzi wa bei usivishwe vazi la sheria ya umeme, wala usifichwe. Hata bila diodi ziko njia. Mpangaji wa wavu anaweza kuweka vitufe vinavyotumika pamoja kwenye makutano yasiyounda mstatili. Ni suala la kuchora, na mchoro hauna gharama ya ziada. Mwaka 2010 Microsoft iliuza kibodi ya SideWinder X4 iliyoweza kupokea hadi vitufe 26 kwa pamoja ikitumia utando wenye ukinzani wa umeme kwenye kila kitufe, bila kuongeza diodi. Wachezaji wa michezo ndio waliosababisha utafiti huo, kwa kuwa wao wana pesa na wana sauti. Maandishi yanayojivunia kupokea vitufe vyote yakaanza kuonekana kwenye maboksi, mara nyingine kwa uaminifu, mara nyingine kwa vitufe vichache tu vya michezo.

Kabla ya wachezaji walikuwepo watu waliohitaji vidole vingi kwa ajili ya kusoma na kuandika. Wanukuzi wa hatimkato kwa mashine, wanaoandika maneno ya mahakamani na bungeni, hubonyeza silabi nzima kwa pigo moja. Baraza la Seneti la Italia limetumia mashine ya Antonio Michela tangu 1880, na huko Marekani mtahiniwa wa kazi hiyo hupimwa kwa maneno 225 kwa dakika, kasi ambayo kwa herufi moja moja hufikiwa kwa nadra sana. Hilo pekee linatikisa dai kwamba lugha hudai kitufe kimoja kwa wakati. Na wako wasioona. Mwaka 1892 Frank Haven Hall, mkuu wa shule ya wasioona huko Jacksonville, Illinois, alitengeneza mashine ya kuandika nukta nundu yenye vitufe sita, kimoja kwa kila nukta. Mwaka 1951 shule ya Perkins ya Massachusetts ikaanza kutoa mashine iliyobuniwa na David Abraham, na hiyo ndiyo inayojulikana katika shule za wasioona za Afrika Mashariki mpaka leo. Kwenye mashine hizi herufi ni fungu, kama kwa Baudot. Andika neno "nyumba": n inataka vitufe vinne kwa pigo moja, y vitano, u na m vitatu vitatu, b viwili, na a kimoja. Mashine ya chuma, isiyo na umeme hata kidogo, inafanya kazi hiyo bila kukosea.

Sasa mpe mwandishi huyohuyo kompyuta. Programu zipo, kama Perky Duck, zinazogeuza kibodi ya kawaida kuwa mashine ya nukta nundu: F, D na S kwa nukta 1, 2 na 3, na J, K na L kwa nukta 4, 5 na 6. Zinahitaji kibodi ipokee vitufe sita kwa pamoja, na waundaji wake wanaonya kwamba si kila kibodi inaweza. Kibodi yenye uhakika wa vitufe viwili tu inaweza kuandika herufi mbili za mwisho za "nyumba", lakini haitoi ahadi yoyote kuhusu herufi nne zinazotangulia. Hakuna anayeweza kuitambua kwa kuitazama, maana siri iko kwenye mchoro wa nyaya chini ya plastiki. Wakati huohuo kioo cha simu, kinachohisi chaji ya vidole kama ilivyofanya kibodi ya IBM ya mwaka 1981, kimefungua njia: Apple iliweka uandishi wa nukta nundu kwenye kioo cha simu zake mwaka 2014, na Google ikafuata kwa Android mwaka 2020.

Ipo hoja moja zaidi, kutoka upande wa pili kabisa. Kwa watu wengi wenye ulemavu wa mikono, tatizo ni kwamba mashine inadai vidole vingi kupita wanavyoweza kutoa; mtu anayeandika kwa kidole kimoja hawezi kushika Shift na herufi pamoja. Mtu anaweza kusema basi kwamba mashine ya kitufe kimoja kimoja ndiyo yenye haki zaidi. Lakini historia inaonyesha tatizo hilo lilivyotatuliwa. Kutoka Windows 95 na kuendelea, ukibonyeza Shift mara tano mfululizo kompyuta inakuuliza kama unataka vitufe vya kugeuza maana vingoje kitufe kinachofuata badala ya kushikiliwa. Utatuzi huo ni wa programu, na unawezekana kwa sababu kompyuta inaambiwa kila kitufe kinaposhuka na kinapoachiwa. Kibodi inayotoa habari zote inaruhusu programu imhudumie mwenye kidole kimoja na mwenye vidole kumi. Kibodi inayomeza habari haimsaidii yeyote, kwa kuwa kilichomezwa kwenye waya hakirudishwi na programu.

Kwa hiyo neno langu ni kwa wanaonunua kompyuta za shule, hasa shule zenye wanafunzi wasioona: msiipokee kibodi kabla ya kuijaribu. Fungueni ukurasa mtupu wa kuandikia, mshushe S, D, F, J, K na L kwa pigo moja, mhesabu herufi zilizotokea. Zikiwa sita, ichukueni. Zikipungua, irudisheni dukani na mwelezeni muuzaji sababu.